Nani Kaila Diski?

Hakuna kompyuta inayojaa haraka kama ya steshenari. Mteja anakuja na flashi, anachapisha CV, anaskani cheti cha kuzaliwa, anaacha kadi ya harusi irekebishwe, na vyote vinabaki mle mle. Diski C ikigeuka nyekundu, mwenye duka huanza kufuta picha moja moja. Akifuta mia anapata nafasi isiyotosha hata video moja ya harusi. Mwishowe anaitwa fundi, na mafundi wengi tunawajua: jibu lao la kwanza ni kupiga Windows upya.

Kisa chenyewe ni kwamba Windows inaonyesha ukubwa wa faili, lakini safu ya ukubwa mbele ya folda huiacha tupu. Ili ujue folda ina uzito gani, lazima uombe taarifa zake moja moja. Kwa folda elfu kadhaa, hiyo si kazi ya mtu.

Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alikutana na tatizo hilo hilo mwaka 1990. Maabara yake ilikuwa na diski ya megabaiti 80 iliyotumiwa na watu 14, na kila ilipojaa haikujulikana nani kaijaza. Kuchora folda kama mti wa matawi hakukusaidia, kwani matawi yalivuka ukingo wa kioo. Yeye akageuza hesabu: nafasi ya mchoro ikae ilivyo, kisha igawanywe. Mstatili mmoja ndio diski nzima. Unaukata wima kwa folda za ngazi ya kwanza, kila folda ikipata eneo kulingana na uzito wake. Ndani ya kila kipande unakata kwa mlalo, kisha wima tena, hadi ufike kwenye faili mojamoja. Kilicho kikubwa kwenye diski kinakuwa kikubwa machoni.

Ukataji huo ulikuwa na dosari: faili nyingi zilitokea kama nyuzi nyembamba zisizobofyeka. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, ndio waliouboresha mchoro huo. Mwaka 1999 walionyesha namna ya kuvipa visanduku kivuli vivimbe kama mito, na mwaka 2000 namna ya kuvipanga vikaribie umbo la mraba. Stefan Hundhammer alileta mchoro wa namna hiyo kwenye Linux kupitia programu ya KDirStat, na kutokana na hiyo ikazaliwa WinDirStat ya Windows, ambayo ndiyo ninayoiweka kwenye kompyuta za duka.

Naichagua kwa sababu ni programu huria, na hapa uhuria una kazi. Programu ya kupima diski unaipa mamlaka ya msimamizi ili iingie kila folda, zikiwemo nakala za vitambulisho vya watu. Afadhali ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. WizTree, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ni nyepesi sana, kwa kuwa inasoma moja kwa moja jedwali ambamo mfumo wa faili wa NTFS huorodhesha faili zote, lakini si huria, na ubure wake ni kwa matumizi binafsi. Steshenari ni biashara.

Ukishaiendesha WinDirStat, usianze na folda. Tazama visanduku vikubwa na rangi zake, maana kila rangi ni aina ya faili. Mara nyingi video huonekana kabla hujavaa miwani. Halafu kuna kisanduku kimoja kizito kiitwacho hiberfil.sys, ambamo Windows huhifadhi yaliyomo kwenye RAM kompyuta inapozimwa kwa kulala usingizi mzito. Kwa kawaida kinaweza kufika asilimia 40 ya RAM: kompyuta ya gigabaiti 16 inapoteza zaidi ya gigabaiti 6. Hakifutwi kwa mkono. Amri ya powercfg /h off, ikitolewa na msimamizi, hukiondoa. Faili ya pagefile.sys iache, Windows inaihitaji. Windows.old ni mfumo wa zamani uliobaki baada ya kupandisha toleo, nayo huondolewa kwa zana ya Windows yenyewe ya kusafisha diski.

Folda ya WinSxS ndiyo inayowatia watu tamaa mbaya. Inaonekana nzito mno, lakini faili zake nyingi ni zile zile zilizoko System32, zikiwa na majina mawili kwa data moja. Anayejumlisha kwa majina anahesabu mara mbili. Ukiifuta kwa mkono, ndipo yule fundi wa kupiga Windows atakapopata kazi halali.

Hata hivyo jumla haitalingana na ulichonunua. Diski iliyouzwa kama gigabaiti 256 Windows inaisoma kama 238, kwa kuwa muuzaji anahesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Tena diski hugawa nafasi kwa mafungu, aghalabu ya kilobaiti 4, hivyo faili ya kilobaiti 5 inakalia 8. Kukiwa na pengo la gigabaiti nyingi zaidi, shuku System Volume Information, zinakokaa nakala za kurejesha mfumo. Bila ruhusa ya msimamizi programu haiwezi kuchungulia humo.

Baada ya kufuta, pima tena. Kilichopelekwa Recycle Bin bado kinakalia diski ile ile.

Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na Baobab kwa wapenda picha, au ncdu kwa seva isiyo na kioo. Huko kuna mtego wake: amri ya df inasema diski imejaa, ya du inasema nusu iko wazi. Aghalabu mtu amefuta faili kubwa ya kumbukumbu za seva huku programu inayoiandika ikiwa bado imeifungua. Jina limeondoka, data ipo. Amri ya lsof +L1 itamtaja mwenye kuishikilia, na ukiiwasha upya programu hiyo nafasi inarudi papo hapo.