Samaki 153 na Hukumu ya Profesa Hardy

Katika kitabu chake A Mathematician's Apology, kilichotoka mwaka 1940, Profesa G. H. Hardy wa Cambridge ataja hesabu nne zenye tabia ya ajabu, 153, 370, 371 na 407, kisha azitupa. Asema zafaa kwa mafumbo ya magazetini, wala hazina neno la kumpendeza mwanahesabu. Sisi tusomao Injili ya Yohana, sura ya 21, twaijua ile ya kwanza: ni jumla ya samaki waliovutwa na Petro. Basi na tuipime hukumu hii.

Zidisha kila tarakimu ya 153 hivi: 1 hubaki 1, 5 mara 5 mara 5 ni 125, 3 mara 3 mara 3 ni 27. Jumlisha, nawe warudi kwenye 153. Hardy ana haki: jambo hili latokana na desturi yetu ya kuandika kwa makumi. Kama tungehesabu kwa nane nane, samaki wale wale wangeandikwa 231, na ajabu ingetoweka.

Lakini wapange usipa juu ya mchanga wa Matema: mmoja, chini yake wawili, kisha watatu, hata safu ya 17. Watakuwa 153 (wale wa Petro walikuwa wakubwa, lakini hesabu haijali). Pembetatu hii haivunjwi na maandishi yo yote. Augustino, askofu wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, aliiona, akasema 17 ni Amri 10 pamoja na vipawa 7 vya Roho. Kujumlisha kwake ni sawa kabisa. Maana ile aliitia mwenyewe. Mwalimu amwambiaye mtoto kwamba hesabu hii yathibitisha Injili amtendea vibaya, kwa kuwa siku moja mtoto ataijaribu 370, naye atauliza mbona hiyo haimo katika Maandiko.

Lakini Hardy naye aliondoka upesi mno. Anza na 3: wapata 27, kisha 351, kisha 153. Kila hesabu igawanyikayo kwa 3 huishia hapo, kamwe si kwenye 370, 371 wala 407. Sababu yake yaonekana: tarakimu ikizidishwa hivyo, baki yake kwa 3 haibadiliki, kama 5 na 125 zibakizavyo 2 zote mbili, na zile tatu nyingine hazigawanyiki kwa 3. Huu si mchezo wa gazeti, ni hoja, na mtoto wa darasa la tano aweza kuifuata. Msomaji na aanze na 12; atafika kwa hatua tano.