Hesabu tatu za kura za 2018: pima kilichokosekana

Uchaguzi wa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018 ulizaa hesabu tatu. Ya kwanza ni ya CENI, tume ya uchaguzi, iliyotangazwa Januari 2019: Félix Tshisekedi kura 7,051,013, yaani asilimia 38.57, na Martin Fayulu kura 6,366,732, asilimia 34.8. Ya pili ni ya waangalizi wapatao 40,000 wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki. Sehemu yake iliyojulikana, yenye asilimia 43 ya kura, ilimpa Fayulu asilimia 62.8 na Tshisekedi 15. Ya tatu ni data iliyovuja na kuchambuliwa na Financial Times na RFI, yenye asilimia 86 ya kura zote: Fayulu 59.4, Tshisekedi 19. Wengi huhukumu kwa wingi, hesabu mbili dhidi ya moja. Njia hiyo haitoshi. Makadirio ya kura yapimwe kwa kilichokosekana ndani yake: vituo gani havimo, na vingeweza kubadili nini.

Wilaya za Masisi na Walikale, mashariki mwa nchi, zinaonyesha kwa nini. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za mkoa wa Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Masisi ni milima ambayo kwa miaka mingi imekuwa na vikundi vya silaha. PV (fomu ya matokeo ya kituo) ya mjini Goma ni rahisi kuipata siku ileile, lakini ya kijiji cha ndani kule Pinga au Nyabiondo hutegemea pikipiki, mvua na usalama wa njia. Kituo kinachochelewa kina sababu ya kuchelewa, na mara nyingi sababu hiyohiyo hugusa pia namna watu wanavyopiga kura. Kwa hiyo anayechukua asilimia 43 na kudhani asilimia 57 zilizobaki zinafanana nayo amejenga juu ya dhana, hata kama jibu lake litakuwa sahihi.

Jaribio gumu zaidi ni kumpa mgombea aliye nyuma kila kura iliyokosekana. Tufanye hivyo kwa data iliyovuja. Tshisekedi akipewa asilimia 14 zote zilizobaki, anafika takriban asilimia 30, na Fayulu anabaki na 51. Hata Masisi na Walikale zote zingekuwa ndani ya pengo hilo, mshindi habadiliki. Tukifanya vilevile kwa hesabu ya maaskofu, Tshisekedi anapanda hadi asilimia 63 na Fayulu anashuka hadi 27. Hesabu hizi mbili zinataja mshindi mmoja, ila nguvu zake si sawa: ile iliyovuja inasimama peke yake ikiwa data ni ya kweli, ile ya maaskofu inahitaji sampuli yake iwakilishe nchi nzima.

Hapo wanaozipinga hesabu hizo wana hoja. Data iliyovuja inaweza kughushiwa, na waangalizi wa Kanisa wanaweza kuwa wengi mahali fulani na wachache kwingine. Lakini dosari hizo ni za aina mbili tofauti, na kila hesabu inaisaidia nyingine. Mghushi angelazimika kujua waangalizi wa maaskofu waliandika nini vituoni, kisha atunge maelfu ya mistari inayolingana na maandishi yao. Na kama sampuli ya maaskofu ingekuwa imepinda sana, isingekaribiana hivyo na data yenye kura mara mbili yake. Hesabu ya CENI, kwa upande wake, haikuchapishwa kituo kwa kituo, kwa hiyo hakuna wa nje anayeweza kuifanyia jaribio hili.

Wako pia wanaosema kwamba kuahirishwa kwa kura Beni, Butembo na Yumbi ndiko kulikoamua, kwa kuwa wapigakura wapatao 1,250,000 walioachwa nje ni wengi kuliko tofauti ya kura 684,281 iliyotangazwa. Idadi ya walioandikishwa si idadi ya kura. Kwa mahudhurio ya kitaifa ya takriban asilimia 48, zingepigwa kura kama 600,000, na hata Fayulu angezipata zote asingeifikia tofauti hiyo. Kuwanyima watu wale kura ilikuwa dhuluma, lakini hakuthibitishi kwamba matokeo yaligeuzwa. Ushahidi mzito uko kwenye PV.

Katika uchaguzi wa 2023 zamu ilikuwa ya Masisi na wilaya jirani ya Rutshuru kukosa kura, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23. Tshisekedi alitangazwa kwa asilimia 73, Moïse Katumbi 18. Kwa tofauti hiyo wilaya mbili zisingebadili rais. Lakini hesabu inayotosha kumtambua mshindi haitoshi kusema Masisi ilitaka nini, wala haiwezi kuipatia wabunge. Kwa hiyo kila anayeleta makadirio, awe CENI, Kanisa au chama, adaiwe mambo matatu pamoja na asilimia zake: orodha ya vituo ambavyo havimo, sababu ya kukosekana kwake, na matokeo yatakavyokuwa iwapo kura za huko zote zitamwendea mpinzani.