Toyota, Acha Waseme: Mizani ya Maandishi kwenye Pikapu Kuukuu za Chato

Mlango wa nyuma wa Toyota Hilux ya miaka ya 1980 una neno moja ambalo mwenye gari hakulichagua. Ni TOYOTA, limepigwa chapa kwenye bati lenyewe huko kiwandani, herufi sita kubwa zinazotanda katikati ya mlango. Fundi rangi wa Chato au wa Katoro akiletewa gari hilo aliandike, hawezi kulifuta neno hilo. Atalipaka nyekundu ling'ae, atalizungushia mstari mweusi, lakini litabaki palepale. Nafasi yake ni ukanda mwembamba wa bati ulio juu ya neno hilo na mwingine ulio chini yake. Humo ndimo mwenye gari anamosema lake.

Maandishi ya namna hii tumezoea kuyapita haraka. Anayeyajali kidogo huyapanga kwa dhamira: haya ya dini, haya ya mapenzi, haya ya mahasidi. Orodha hiyo ina faida yake, ila inaacha nje jambo lenye uzito kuliko yote, nalo ni fani. Misemo ya pikapu zetu ina kanuni, na kanuni hizo zimetokana na bati. Mimi naiona kuwa ushairi wa mizani, na naamini kwamba kwa sababu ya mizani hiyo mzee anayesimulia gari lake la zamani hukumbuka kwanza mstari wake, ndipo akumbuke injini.

Tuhesabu. Mungu ni mwema: mizani 5. Asante mama: 5. Acha waseme: 5. Wivu wa nini: 5. Subira njema, Mungu mkubwa, Tutafika tu: zote 5. Hata Wabheja mayu, shukrani ya Msukuma kwa mama yake, inaangukia hapohapo. Ipo mifupi na ipo mirefu, sikatai: Mungu yupo ina 4, Maisha ni safari ina 7. Lakini ile inayorudiwa gari hadi gari, ile ambayo fundi huiandika bila kuuliza tahajia, inakaa kwenye 5. Sababu ya kwanza ni upana. Hilux za kale hazifiki mita 1.7 kwa upana, na Datsun 1200 ni nyembamba kuliko hizo. Ukitaka herufi isomeke na dereva aliye nyuma katika vumbi la barabara ya Muganza, huwezi kuandika nyingi. Herufi za Mungu ni mwema ni 12. Za Acha waseme, Wivu wa nini na Tutafika tu ni 10. Bati limekata mshororo kabla mshairi hajaamua kuukata.

Sababu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Anayefuata nyuma ya gari husoma kutoka juu kwenda chini, na macho yake hayana namna ya kuliruka neno la kiwandani. To-yo-ta: mizani 3. Ukiongeza 5 za mwenye gari unapata 8, na 8 ni kipande kamili cha shairi letu la tarbia, lile ambalo mshororo wake wa mizani 16 hukatwa katikati, 8 ukwapi na 8 utao. Soma kwa sauti: Toyota, acha waseme. Toyota, Mungu ni mwema. Toyota, wivu wa nini. Isuzu nayo ina 3. Nissan na Datsun, kama tunavyozitamka sisi na irabu ya mwisho, zina 3. Peugeot inaharibu hesabu, maana midomoni mwetu ni Pijo, mizani 2. Sisemi kwamba fundi aliketi akahesabu kwa vidole. Sikio lililolelewa kwa methali, nyimbo za ngoma na mashairi ya redioni linaijua 8 bila kuihesabu, na likiisikia limeridhika.

Tazama basi jina la kampuni limegeuka kuwa nini. Kiwandani lilikuwa alama ya biashara. Kwenye mlango ulioandikwa chini yake Acha waseme, limekuwa nida: gari linaitwa kwa jina lake na kuliwazwa. Au kinyume chake, gari ndilo linalomwambia mwenyewe awapuuze wasemaji. Nafsi ya msemaji haijulikani, na wala hakuna alama ya kituo ya kutuamulia. Mafundi wetu hawaandiki koma wala nukta. Hata Wivu wa nini huandikwa bila alama ya kuuliza, hivyo swali linasomeka kama hukumu. Mpangilio huu tunaujua kutoka kwenye kanga, yenye mji katikati na jina chini yake. Tofauti ni kwamba mji wa mlango huu ni neno la Kijapani, na mshairi wa Kiswahili amelazimika kulifanyia nafasi ndani ya shairi lake.

Nichukue pikapu moja ninayoifahamu vizuri, Hilux ya dizeli ambayo mpaka sasa inabeba mizigo kati ya Muganza na Chato mjini. Iliingia nchini katika lile wimbi lililofuata bajeti ya 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa sana walikozipata. Imebeba marobota ya pamba, ikabeba magunia ya dagaa, ikabeba viroba vya mawe kwenda karasha upande wa Geita. Chini ya TOYOTA imeandikwa TUTAFIKA TU kwa rangi nyekundu. Lakini jua la jioni likiupiga mlango huo kwa ubavu, unaona chini ya rangi nyeupe miinuko ya herufi nyingine, za zamani: SUBIRA NJEMA. Fundi wa pili hakupiga msasa hadi kwenye bati. U ya Subira imelala chini ya U ya kwanza ya Tutafika, na mkia wa J umetokeza kwenye uwazi ulio kati ya maneno mawili ya sasa. Tena yule fundi alianza na T kubwa mno; alipofika mwisho bati lilikuwa limemwishia, akalibana neno TU hadi likawa jembamba na kupanda juu kidogo ya mstari.

Mistari hiyo miwili ina mizani sawa, lakini sarufi zake zinakwenda njia tofauti. Subira njema ni jina na kivumishi chake. Haina kitenzi, haina nafsi, haina wakati. Ni kauli ya mtu aliyekwisha kusubiri na sasa anatoa hukumu. Tutafika tu ina nafsi ya wingi na wakati ujao, kwa hiyo ni ahadi, na ahadi hiyo inamfunga dereva, utingo, abiria aliyekalia magunia na gari lenyewe. Sikiliza pia jinsi ilivyofungwa: inaanza na tu, inaisha na tu. Ya kwanza ni sisi wote, ya mwisho ni msisitizo usiotaka mabishano. Kama mtu anataka mfano wa takriri yenye kazi, asihangaike na vitabu vya kiada. Na ile TU ya mwisho iliyobanwa ukingoni mwa bati inaongeza kitu ambacho fundi hakukusudia: ahadi imetamkwa kwa sauti kubwa, kisha nafasi ikapungua. Naihesabu kuwa sehemu ya shairi.

Majirani, hata hivyo, hawajawahi kuiita pikapu hiyo Tutafika. Kijana akitumwa kuita gari, anaambiwa, “Nenda kamwambie mzee tunaiomba Subira.” Maandishi yamefutwa miaka mingi, jina limebaki. Hapa ndipo umiliki na kumbukumbu vinapoachana. Mwenye gari ana haki ya kuandika upya mlango wake, lakini mstari wa kwanza ukishaingia midomoni mwa watu haumo tena mikononi mwake.

Kuna maandishi mengine kwenye magari haya ambayo hayana mizani kabisa, nayo yako ubavuni, kwenye mlango wa dereva: herufi za kwanza za jina la mwenye gari, sanduku la posta, mji, na uzito wa gari kwa kilo. Hayo ni maandishi ya kutakiwa, na yanaonekana yametakiwa. Herufi ndogo, nyeusi, bila mapambo. Siyadharau. Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 ikiwa ndani ya Mkoa wa Kagera, na ikaingia Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Mlango ulioandikwa kabla ya hapo utakutajia Biharamulo, na gari lililokwepa fundi rangi kwa miaka 20 linaendelea kuitaja wilaya ambayo mwenyewe alikwishahama bila kuhama nyumba. Ubavu unatunza tarehe na mlango wa nyuma unatunza sauti. Namba ya usajili nayo ina lake la kusema: kwa vijana wa leo, gari “namba A” ni kuukuu hata kabla hawajaliona.

Mstari mmoja una historia ya Chato peke yake. Hapa kazi tu ilikuwa kaulimbiu ya kampeni ya John Pombe Magufuli, mwana wa Chato, mwaka 2015. Ina mizani 5 na herufi 10, na inaishia kwenye ileile tu ya msisitizo. Bati liliipokea kana kwamba lilikuwa likiisubiri. Toyota, hapa kazi tu: kipande kimetimia. Alipofariki Machi 17, 2021 na kuzikwa Chato Machi 26, mstari huo haukubadilishwa herufi hata moja, lakini utanzu wake ulibadilika. Uliokuwa mwito wa kazi ukawa tanzia. Umbo lake ndilo lililouwezesha kupita upande wa pili: hauna kitenzi, kwa hiyo hauna wakati wa kupitwa nao. Ingekuwa ahadi yenye -ta- ndani yake, kifo kingeivunja. Kaulimbiu iliyofuata, Kazi iendelee, ina mizani 7 na kitenzi cha kuagiza, na sijaiona ikikaa vizuri chini ya jina lolote la gari. Nasema hivi kwa upande wa fani tu.

Mistari ya mizani 8 iliyokamilika yenyewe ina mahali pake, nako ni kwenye paji la uso, juu ya kioo cha mbele, ambako hakuna neno la kiwandani la kuisaidia. Mwenda pole hajikwai ina 8. Hasidi hana sababu ina 8. Mcheza kwao hutunzwa ina 8. Herufi zake inabidi ziwe ndogo, na kwa sababu gari linakuja usoni pako huna muda wa kuzisoma. Kwa hukumu yangu hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya gari zima kwa ushairi. Methali nzuri inapotea pale, ilhali mlango wa nyuma, wenye nusu mstari tu, unasomwa hadi mwisho.

Miaka ya 1970 wanazuoni wetu waligombana kuhusu mizani na vina. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika Ziwa Viktoria hilihili, alitoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 na kuonyesha kwamba shairi la Kiswahili linaweza kusimama bila pingu hizo. Alikuwa sahihi. Lakini katika miaka hiyohiyo Datsun zilikuwa zinaandikwa katika karakana za kanda ya ziwa na watu ambao hawakuusikia mgogoro ule, nao wakashika mizani kwa sababu bati liliwashikisha. Datsun yenyewe ilipoteza jina: Nissan ilitangaza mwaka 1981 kwamba italiondoa, na milango iliyobaki na neno hilo imegeuka kuwa maandishi ya zama zilizofungwa.

Mawili yanaumaliza ushairi huu sasa. La kwanza ni stika. Herufi zinakatwa kwa mashine, zote upana mmoja, na zinabanduka bila kuacha alama chini yake. Gari likiuzwa, mstari unatoka wote, na hakuna J itakayochungulia. La pili ni kasi. Kwa miongo mingi pikapu za Chato zilizokwenda Mwanza zilipanga foleni ya kivuko Busisi, na aliyekaa nyuma ya Subira kwa saa nzima aliisoma, akaibishania na utingo, akaondoka nayo. Daraja la takriban kilomita 3 la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 19, 2025. Nalifurahia kama anavyolifurahia kila aliyewahi kulala foleni na mgonjwa au na samaki. Ila foleni ile ndiyo ilikuwa maktaba yetu ya kusomea milango, na hatujajenga nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wa Kiswahili wa sekondari za Chato, Katoro na Geita, mnapofundisha fani na maudhui, watumeni wanafunzi kwenye gereji na kwenye mialo wakanakili milango: maneno yenyewe, aina ya gari, mahali yalipoandikwa, na kilichoko chini ya rangi kama kinaonekana. Nawe mwenye Hilux au Datsun kuukuu, kabla hujampa fundi ruhusa ya kupiga msasa, piga picha ya mlango wa nyuma na uandike mwaka.