Duara Kwenye "Kwa Hivyo"

Jumamosi asubuhi hapa Nkoroi, kabla matatu hazijaanza kupigiana honi kwenye Barabara ya Magadi, jirani yangu hutoa meza ya plastiki barazani na kusahihisha insha. Amefundisha Kiswahili miaka mingi. Mimi huja na chai yangu kumtazama tu, kama wengine wanavyomtazama seremala akipiga randa.

Siku hiyo mbele yake palikuwa na daftari la msichana wa kidato cha nne, naye mwenyewe ameketi kando. Swali lilimpa hoja aikosoe: watahiniwa wote wa KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, hufanya karatasi ile ile, siku ile ile, kwa muda ule ule, kwa hivyo alama huonyesha nani ana akili na bidii kumshinda mwenzake.

Msichana alikuwa amewaka moto. Aya ya kwanza, mitihani ni mateso. Ya pili, karatasi huvuja. Ya tatu, mabweni huchomwa. Lugha tamu, methali mbili mahali pake. Kimoyomoyo nilimpa 16, kiwango cha A. Mwalimu hakuandika alama yoyote. Alirudi kwenye swali na kuyazungushia wino mwekundu maneno mawili: kwa hivyo.

"Soma yaliyotangulia. Karatasi si moja?"

"Ni moja, Mwalimu."

"Saa je?"

"Ni zile zile."

"Sasa mbona unampiga mpinzani pale alipo imara?"

Insha za namna hii wengi huziandika kama ugomvi wa steji, mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Mwalimu kwanza huisimamisha hoja ya mpinzani vizuri kuliko mwenyewe alivyoisimamisha. Alimwagiza msichana aongeze aya ambayo swali halikuiomba: kwamba pasipo karatasi moja ya baraza la mitihani, KNEC, nafasi za vyuo zingegawanywa kwa kujuana, na mtoto asiye na mjomba ofisini ndiye angeumia kwanza. Aliiandika shingo upande. Hata mimi niliona anampa adui panga. Lakini isome: tangu aya hiyo unamwamini mwandishi, maana umeona hakwepi kitu.

Ndipo wakashuka kwenye duara. Karatasi kuwa moja ni jambo moja. Waliokuja kuifanya kuwa wametoka pamoja ni jambo jingine kabisa, na hoja imeruka katikati bila daraja. Kulisema hilo ni rahisi. Kumwonyesha msomaji ndiko kulikowachukua saa nzima. Msichana alikuwa ameandika "watoto wa mashambani wana shida nyingi." Mwalimu akapiga mstari: yupi? Akaandika "watoto wa wafugaji." Yupi? Mara ya nne akaja na hivi: tuseme mtahiniwa mmoja yuko Nkoroi, ana stima na tuisheni ya Jumamosi. Mwenzake yuko mwisho wa barabara hii hii, Magadi, na ukame wa 2022 ulimtoa darasani akafuata ng'ombe wa babake kutafuta malisho. Wote wawili wakapata C. Karatasi inasema wamelingana. Wamelingana katika nini.

Mwalimu hakusifu. Aliweka tu alama ndogo ya vema pambizoni na kufungua ukurasa wa mwisho, ambako msichana alikuwa amehitimisha kwa nguvu: "Kwa hivyo mitihani yote ifutwe."

Wino mwekundu ukatoka tena. Duara.

Msichana alilitazama, kisha akaficha uso kwa viganja akicheka. Hoja mbovu ya kutetea mitihani haithibitishi kwamba mitihani haifai. Inathibitisha kwamba mtetezi huyu ameshindwa kuitetea. (Hata KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na watoto bado wanakalia karatasi: KPSEA ya gredi ya sita na KJSEA ya gredi ya tisa.) Akafuta sentensi nzima, akaacha insha iishie Magadi.

"Mwalimu, kwani wewe unaunga mkono mitihani?"

"Nimekuambia hivyo?"

Akampa 15 kwa 20. Msichana akaomba moja tu, aingie A.

"Swali lako la mwisho," alisema Mwalimu akifunika kalamu, "halina kiulizi."