Hesabu Iliyozikwa Ukutani

Mgeni akiingia nyumba mpya ya Kitengela husifia vigae, kabati za jikoni, labda na lango. Sijawahi kumsikia mtu akisifia unene wa waya. Atausifia vipi, na umepita ndani ya bomba, bomba likafunikwa plasta, plasta ikapakwa rangi? Mimi lakini, katika nyumba hiyo yote, ninayemvulia kofia ni yule aliyeuchagua.

Fundi stima hodari haanzi na patasi. Anaanza na maswali, mengine ya kuudhi. Mtaoga kwa shawa ya stima? Jiko ni la gesi au la umeme? Huko nyuma mtajenga vyumba vya kupangisha? Mwenye nyumba hudhani anapelelezwa. Ukweli ni kwamba ploti ya futi 50 kwa 100 hapa kwetu ni nadra kubaki na nyumba moja, na kila chumba kitakachoongezwa kitataka umeme wake kutoka kwenye nyaya zinazozikwa leo.

Chukua shawa ya wati 5,500. Kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Majedwali ya kazi yanasema waya wa shaba wa milimita za mraba 4, ukipita ndani ya bomba ukutani, hubeba ampea 32. Fundi mwenye haraka anaishia hapo, anapokea hela yake, anapanda bodaboda. Lakini jedwali lile limepigiwa hesabu kwa hewa ya nyuzi 30. Waya wetu unapita juu ya dari, chini ya mabati, mchana wa Februari, na humo nyuzi 50 si ajabu. Kwenye joto hilo waya wenye ganda la PVC hubakiwa na asilimia 71 tu ya uwezo wake: zile ampea 32 zinashuka hadi 22.7. Umepungukiwa na kidogo sana, ila umepungukiwa. Aliye makini anachukua wa 6, na akikuta nyaya za sakiti nyingine zimebanana katika bomba lilelile, anapiga hesabu upya kwa sababu zinapashana moto.

Moto huo nao una hila. James Joule, mwana wa mpika bia wa Salford, Uingereza, alionyesha mwaka 1841 kwamba mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo sababu hunikera kuona mtu ambaye breka yake inakata kila jioni akienda dukani kununua kubwa zaidi. Breka inalinda waya, hailindi shawa. Ukiikuza bila kuunenepesha waya, umemfukuza mlinzi.

Hesabu ninayoipenda kuliko zote ni ya umbali. Kajiado, kaunti yetu hapa Kitengela, ni ya visima. Tuseme pampu inavuta ampea 15, kisima kiko mita 100 kutoka kwenye mita ya stima, na pampu imezamishwa mita 150. Waya wa 2.5 unazibeba ampea hizo bila kuchemka. Hata hivyo, katika safari hiyo ya mita 250 unapoteza zaidi ya volti 67, wakati kipimo kinachokubalika ni asilimia 5, yaani volti 12. Kebo ya 10 nayo haitoshi, inapoteza 16.5. Ni ya 16 inayofikisha umeme huku ikipoteza 10.5 pekee. Hapo ndipo ufundi unapojitenga na mazoea: waya unaweza kuwa salama kabisa na bado usifae kitu. Mota iliyopunjwa volti huvuta ampea zaidi, ikaungua, na mwenye kisima akalaumu pampu au Kenya Power.

Si mbali, pale Isinya, kuna kituo kinachopokea laini iliyojengwa kwa volti 400,000 kutoka Mombasa. Waliojenga laini ile walipambana na umbali huohuo, wakaukwepa kwa kupandisha volti, maana volti zikipanda ampea hushuka. Fundi wa Kitengela hana mlango huo. Amepewa 240, au 415 akibahatika kupata fezi tatu, na baada ya hapo kilichobaki ni kuongeza shaba.

Na iwe shaba kweli. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu juu. Kwangua kwa kisu uone weupe. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo hesabu yote niliyoieleza inaharibika dukani kabla fundi hajafungua mkoba. Udongo wetu mweusi nao una yake. Huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, ukivuta chochote kilichozikwa, kwa hiyo kebo ya kwenda kisimani inataka nyuzi za chuma za kuikinga na isiwe na kiungo njiani.

Wewe unayejenga, usikubali plasta ipakwe kabla hujaona leseni ya fundi kutoka EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na karatasi aliyopigia hesabu. Akikuuliza maswali mengi, mpe chai umjibu yote, hata lile la vyumba vya kupangisha.