Zena Naye Anasemaje?

Kitabu hiki niliazimwa na msharika wetu wa hapa Tabata aliyekuja likizo kutoka Kanada. "Mchungaji, kisome kwanza wewe," aliniambia, "ndipo uwape vijana wa kipaimara." Nilikifungua Jumamosi usiku nikiwa bado na mahubiri ya kumalizia. Kesho yake mahubiri yalikuwa mafupi, na sikusikia mzee wa kanisa aliyelalamika.

Kinaitwa Child of Dandelions. Mwandishi wake, Shenaaz Nanji, ni mzaliwa wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi aliyehamia Kanada, na riwaya hii ya vijana ilitoka mwaka 2008. Dandelion ni ua la porini la nchi za baridi. Mbegu zake ni nyepesi kama sufi, upepo ukivuma zinatawanyika. Habari yenyewe ni ya Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Sabine ana miaka 15. Familia yake ni raia wa Uganda, kwa hiyo wanaamini kwamba tangazo lile linawahusu wengine.

Hapo ndipo riwaya ilipo na nguvu. Kilichonitisha zaidi si askari, ni ile hesabu ya siku inayopungua huku watu wazima wakiambiana kwamba mambo yatatulia. Ndugu wa karibu anatoweka. Zena, rafiki wa kufa na kuzikana, Mwafrika, anamgeuka Sabine. Aliyewahi kuuguza mgonjwa asiyepona anaijua hali hii ya kukataa kusikia kinachosemwa.

Lawama yangu ni juu ya Zena. Kila kitu tunakiona kwa macho ya Sabine, na mwandishi ana haki hiyo. Lakini mimi ningetaka kukaa jikoni kwa kina Zena, nisikie walikuwa wakisema nini kuhusu matajiri wa Kihindi kabla Amin hajafungua kinywa. Uchungu ule hakuuanzisha yeye; aliukuta, akauwashia moto. Msomaji wa mbali anaweza kukifunga kitabu akidhani Zena alidanganywa tu. Sisi wa huku hatuna urahisi huo.

Mwalimu Nyerere alikemea waziwazi ubaguzi ule wa Amin. Lakini mwaka mmoja kabla, 1971, sheria yetu ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Waasia. Sheria haikutaja rangi ya mtu, na sisemi mambo haya mawili ni sawa. Nasema tu kwamba mtoto aliyewaona wazazi wake wakipoteza nyumba hakuwa na mizani ya kupimia tofauti hiyo. Na mimi mwenyewe, miaka yote hii, nimekuwa nikimtuma mwanangu misumari "kwa Mhindi". Mwenye duka amezaliwa Ilala. Jina lake nimekuja kumuuliza baada ya kusoma kitabu hiki.

Musa alipopata mtoto Midiani alimwita Gershomu, akikumbuka ugeni wake mwenyewe. Nimejiuliza kama mtoto naye alijiona mgeni, maana Midiani ndiko alikozaliwa. Watoto wetu wa Tabata wanalijua swali hilo. Desemba tunawapandisha basi kwenda Moshi au Bukoba. Huko wanachekwa kwa kushindwa kuamkia kwa lugha ya babu, na wakirudi huku wanaulizwa kwao wapi.

Basi vijana nimewapa kitabu. Kiingereza chake kinawasumbua, kwa hiyo tunakisoma kwa kusaidiana kila Jumamosi. Wiki iliyopita niliwaambia waandike barua ya Zena kwenda kwa Sabine aliye mbali. Kumi na mmoja wameleta. Karibu wote wameomba msamaha upesi upesi, kama tunavyowafundisha. Msichana mmoja ameandika kwamba Zena bado ana hasira, na kwamba anamkumbuka mwenzake kila siku. Hiyo nimeisoma mara mbili.