Koti la Askari wa Zamani: Kulitengeneza au Kulidanganya?

Hapa Kakontwe, penye mawe ya chokaa kando ya mji wetu wa Likasi, watu wamezoea nguo zenye vumbi. Ndiyo maana tulishangaa siku tulipoitwa nyumbani kwa kijana mmoja ili tutazame koti la marehemu babu yake, aliyekuwa askari wa Force Publique wakati wa vita vya 1940. Koti hilo la kaki liling'aa kama nguo ya arusi. Lilikuwa limefuliwa kwa maji ya moto, likatiwa wanga, likapigwa pasi. Vifungo vilikuwa vimesuguliwa hata alama zake zikaanza kufutika. Mkono wa kushoto, ambao kiwiko chake kilikuwa kimetoboka, ulikuwa umeondolewa mzima, na mahali pake fundi ameshona mkono mpya kwa kitambaa cha sokoni.

"Mwalimu, mwalionaje?" aliuliza kijana kwa furaha.

Tuliusifu mkono wa fundi, maana mishono yake ilinyoka. Kisha tuliuliza habari ya namba. Mzee alipokuwa hai aliwaonyesha watoto namba yake ya jeshi, iliyoandikwa kwa wino ndani ya ukosi. Kijana akaugeuza ukosi. Namba haikuwapo, ilikwenda na povu la sabuni. Wala nyumbani hapakuwa na karatasi nyingine yenye namba hiyo.

Hatumcheki kijana. Alitenda kwa mapendo na heshima, akatoa na fedha zake. Lakini kazi yapimwa kwa matokeo yake pia, si kwa nia tu. Basi tuipime.

Koti la askari lina habari mbili: habari ya jeshi na habari ya mtu. Kitambaa, rangi na vifungo ni habari ya jeshi. Makoti elfu yalitoka ghalani yakifanana yote. Lakini jasho la kwapani, kiraka cha kiwikoni, kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, namba ya ukosini, hizo ni habari za mtu mmoja. Uchakavu ndio uliolifanya koti la jeshi kuwa koti la babu. Fundi anayeuondoa uchakavu wote aturudishia ghala, lakini atunyang'anya babu.

Je, tuache nguo zioze? Hapana! Nondo, jua na unyevu havina huruma. Viwavi vya nondo hula sufu. Jua hufifisha rangi. Koti likitundikwa miaka mingi kwa msumari, mabega hupasuka kwa uzito wake lenyewe. Mtu mwenye kuliacha hivyo hakulitunza. Ila kuna ufundi wa kuzuia uharibifu, na kuna ufundi wa kuficha miaka. Wa kwanza ni utunzaji. Wa pili waweza kuwa uongo.

Mafundi wa makumbusho wana kanuni nzuri: uzi wa kutengenezea usiwe na nguvu kuliko nguo yenyewe. Panapopasuka huweka kitambaa laini kwa chini, kisha hushika kingo kwa mishono midogo. Nguo ikivutwa, uzi utakatika, nguo ipone. Wasomaji watakumbuka Bwana wetu alivyosema juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu: kiraka chavuta, na tundu lazidi. Aliitaja kazi hiyo ili kufundisha jambo jingine, lakini kila mama anayeshona nyumbani ajua kwamba habari ya kiraka ni kweli.

Tena, mwaka 1964, mafundi wa majengo ya kale walikutana Venice, wakapatana kwamba kitu kipya kilichoongezwa katika jengo la kale kiweze kutambulikana, ili ushuhuda wa kale usighushiwe. Neno hilo lafaa kwa koti pia. Mkono mpya si dhambi, kama wajulikana kuwa mpya.

Hapa twafikia jambo zito zaidi. Nguo nyingine zina madoa ambayo hakuna sabuni ya kuyaondoa. Askari wa kwanza wa Force Publique walivaa buluu, na tarbushi nyekundu, na miguu mitupu. Jeshi hilo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na ushindi huo wasifiwa hata leo. Lakini jeshi lile lile, kabla ya 1908, zamani za mpira wa Mfalme Leopold II, liliwatesa wanakijiji kwa fimbo na risasi, na mikono ya watu ilikatwa. Mwenye kulisafisha koti la buluu na kuandika chini yake "Tabora" tu, amefua zaidi ya kitambaa. Na mwenye kuandika "mpira" tu amewaonea walioingia jeshini baadaye, wengine kwa kushurutishwa. Yote mawili yaandikwe.

Hata hivyo, kuna watu ambao hatutapata koti lao kamwe. Katika vita vya 1914 wapagazi wa Kongo waliobebea jeshi mizigo wahesabiwa kupita 200,000. Hao hawakuwa na vifungo vya kung'arisha. Twaona kwamba kila sanduku la kioo lenye koti la askari lingepaswa kuwataja, la sivyo mtazamaji atadhani vita vilipiganwa na wenye sare peke yao.

Mji wetu una mfano mwingine. Mwezi wa Septemba 1961, Likasi ikiitwa Jadotville, askari wa Ayalandi wapatao 155, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa na jeshi la Katanga siku tano, wakatekwa. Mwaka 2016 sinema ilitolewa juu yao. Ilipigwa Afrika ya Kusini, si hapa. Sare za sinema zilishonwa kwa ajili ya sinema, na hatuoni kosa, maana kila mtu ajua. Nakala inayokiri kuwa nakala haimdanganyi mtu. Lakini Waayalandi wa kwanza waliofika Kongo mwaka 1960 walivaa sufu nzito ya nchi ya baridi, wakaumia kwa joto letu. Fundi akipata koti moja la namna hiyo, asibadili sufu yake kwa kitambaa chepesi ili lipendeze. Uzito ule ndio unaotuambia jinsi walivyotumwa bila kutayarishwa.

Mwisho kuna biashara. Wako wachuuzi wanaonunua makoti matupu, kisha hushona alama za cheo na kupachika medali zisizokuwa zake, bei ipande. Hapo hatuna haja ya maneno mengi: amri ya saba na ya nane zote mbili zimevunjwa kwa sindano moja.

Basi, mwenye koti la namna hii nyumbani afanyeje? Kwanza, asilifue. Apige picha mbele, nyuma na ndani, na kunakili kila namba na kila herufi. Apanguse vumbi kwa brashi laini. Alilaze ndani ya sanduku kavu, mikunjo ikijazwa kitambaa cheupe kilichofuliwa bila wanga. Vifungo avifute kwa kitambaa kikavu tu. Sisi watu wa nchi ya shaba twajua kwamba dawa ya kung'arisha hula shaba, na masalio yake huacha doa la kijani nguoni. Kisha aandike nani alilivaa, wapi, na nini kilitengenezwa, na nani, na lini.

Yule kijana alituuliza kama kazi yake yote ilikuwa bure. Tulimwambia aende kwa fundi upesi. Kwa bahati njema, mkono wa kale ulikuwa bado katika kapu la vitambaa, umechafuka, kiwiko wazi, na kiraka cha kwanza kikining'inia, alichokishona mzee mwenyewe kwa uzi mweusi. Sasa umelazwa sandukuni kando ya koti, pamoja na karatasi isemayo: mkono huu ndio wake, ule ulioshonwa ni wetu, na namba tuliifuta sisi kwa kutojua.

Karatasi hiyo haikuirudisha namba. Lakini koti limeacha kusema uongo.